Kufundisha Kuandika Kiingereza kwa Mtandao: Mwongozo kwa Mwalimu wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza na kukuta jiografia na baiolojia zinafundishwa kwa Kiingereza. Hupewa wiki chache za kozi ya maandalizi, kisha hutakiwa kuandika: ufupisho, barua, insha, majibu ya mtihani. Nyumbani huenda anazungumza Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kinyaturu, na hata Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali hii na kueleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kubeba masomo yao. Mwalimu anayesahihisha madaftari leo Bahi au Mpwapwa hana haja ya kuambiwa kama kauli hiyo bado ina ukweli.

Kilichobadilika ni vifaa. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Shule kadhaa zina chumba cha kompyuta, nyingine zina projekta, na walimu wengi wana simu janja. Swali ni namna ya kuvitumia ili mwanafunzi aandike vizuri zaidi, kwa sababu kuna shule ambako kishikwambi kimeishia kuwa redio ya ofisi ya walimu.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa Kiingereza mwenye darasa kubwa na bando dogo. Msimamo wake ni huu: mtandao haumfundishi mtu kuandika. Unachoweza kukupa ni mambo mawili yaliyo magumu kupatikana kwa daftari na kalamu nyekundu peke yake, yaani nafasi ya kuandika upya, na msomaji asiye mwalimu. Kifaa au tovuti isiyoleta mojawapo ya hayo, iache.

Anza kwa kuhesabu ulicho nacho

Kabla ya kupanga somo, andika kwenye karatasi vifaa vinavyofanya kazi kweli, si vilivyoorodheshwa kwenye daftari la mali za shule. Kompyuta ngapi zinawaka? Projekta ina waya wake? Umeme hukatika saa ngapi? Mtandao unashika darasani au mpaka utoke uende chini ya mbuyu?

Simu za wanafunzi usiziingize kwenye hesabu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na kazi inayowalazimu kuzitumia itakuletea mgogoro na mkuu wa shule na wazazi. Likizoni unaweza kuwaambia wasome kitu kwenye simu ya mzazi, lakini iwe hiari. Mtoto wa Chemba ambaye kwao kuna simu ya kitochi tu asipoteze alama kwa sababu hiyo.

Ukishahesabu, utajikuta katika moja ya hali tatu. Ya kwanza ni kifaa kimoja tu, kishikwambi au simu yako. Ya pili ni kifaa kimoja pamoja na projekta au runinga kubwa. Ya tatu ni chumba cha kompyuta chenye mtandao, hata kama ni wa kusuasua. Sehemu kubwa ya yanayofuata hapa inawezekana katika hali ya kwanza na ya pili, kwa hiyo usisubiri ya tatu.

Bando usilitumie ovyo. Maandishi hula data kidogo sana, video huimaliza. Pakua vitu ukiwa mjini au mahali penye mtandao wa bure, uvitumie darasani bila intaneti. Programu ya Kiwix hukuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kiingereza rahisi ndani ya kishikwambi na kuisoma bila mtandao. Google Docs nayo hukuruhusu kuweka waraka upatikane bila mtandao. Unauhariri darasani, na mabadiliko yanapanda yenyewe ukifika penye mtandao. Kwa hapa kwetu ongeza na kitambaa cha kufunikia kompyuta, maana vumbi la kiangazi cha Dodoma linaua mashine upesi kuliko matumizi.

Karatasi kwanza

Rasimu ya kwanza iandikwe kwa kalamu, darasani, mbele yako. Sababu ni tatu. Mtihani wa Baraza la Mitihani huandikwa kwa kalamu. Mwanafunzi ambaye bado anatafuta herufi kwenye kibodi hawezi wakati huohuo kutafuta wazo. Na ukishaiona rasimu ya mkono wake unaijua sauti yake. Siku akileta insha iliyonyooka kupita kiasi utajua pa kuanzia kuuliza.

Kabla ya kalamu kuna mazungumzo. Waache wanafunzi wapange wanachotaka kusema kwa Kiswahili, na kama ni hadithi ya nyumbani waisimulie kwa lugha ya nyumbani. Kuna walimu wanaoona hilo ni dhambi katika kipindi cha Kiingereza. Lakini mtoto asiyekuwa na la kusema kwa lugha anayoijua hatalipata kwa lugha asiyoijua. Dakika kumi za Kiswahili mwanzoni huleta aya ndefu zaidi ya Kiingereza mwishoni.

Aya moja mbele ya darasa zima

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na inahitaji kishikwambi kimoja na projekta. Ikiwa huna projekta, iandike aya ubaoni na utumie kishikwambi kuhifadhi kila hatua kwa picha.

Omba ruhusa ya mwanafunzi mmoja, chapa aya yake kama ilivyo kwenye waraka wa Google Docs, ondoa jina, kisha ionyeshe. Mfano ufuatao umetungwa kwa makosa yanayoonekana kila siku katika madaftari ya kanda hii:

“My father he has a farm of grapes at Hombolo. In the morning at twelve o'clock we go to farm. We are cutting grapes and put in bucket. Customer come with car from Dar es Salaam and he talk price with my father. He say price is small because grapes are many. My father he is not happy.”

Mkono utakuwasha kushika makosa. Jizuie. Swali la kwanza kwa darasa liwe la msomaji: mnataka kujua nini ambacho mwandishi hajasema? Watauliza mnunuzi alitoa bei gani, baba alijibu nini, na kwa nini alikubali kuuza. Andika maswali hayo pembeni kama maoni ya waraka. Mwandishi, au kundi lake kama ana haya, ajibu kwa mdomo, nawe uchape majibu yake ndani ya aya.

Hapo sasa ingieni kwenye lugha, na mchague makosa mawili tu. La kwanza liwe lile linalompoteza msomaji. Katika aya hii ni saa: mwandishi amehesabu saa kumi na mbili asubuhi kwa Kiswahili, na msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba familia ilikwenda shambani usiku wa manane au saa sita mchana. La pili liwe kosa linalojirudia, kama “My father he”, ambalo huzaliwa na mazoea yetu ya kubeba mtenda ndani ya kitenzi. Waulize wangapi wanalo katika madaftari yao, kila mmoja alitafute na kulikata mwenyewe. Makosa mengine yaache kwa siku nyingine.

Baada ya maswali na marekebisho hayo, na makosa mengine yakisharekebishwa, aya inaweza kusomeka hivi:

“My father grows grapes at Hombolo. At six in the morning we cut the ripe ones and put them in plastic buckets. A trader from Dar es Salaam comes with a pickup. He looks at the grapes, shakes his head and offers less money than last season. ‘There are too many grapes this month,’ he says. My father is quiet for a long time. Then he takes the money, because grapes do not wait.”

Fungua sasa historia ya waraka, ile sehemu inayoonyesha matoleo yote yaliyopita, na urudi nyuma hatua kwa hatua. Darasa litaona kwa macho kwamba sentensi ya mwisho ilitokana na swali la mwenzao, haikutoka kwenye kitabu cha sarufi. Jambo hili daftari haliwezi kulionyesha, kwa sababu kwenye daftari rasimu ya kwanza hufutwa, huchanwa au hufunikwa na wino mwekundu. Fanya zoezi hili kila wiki kwa aya ya mtu mwingine, na aya ya mwanafunzi hodari nayo ipite hapo, ili isionekane ni adhabu ya walioshindwa.

Waraka wa kundi

Darasa la wanafunzi 80 ukilisahihishia insha kwa dakika tano kila daftari, umetumia dakika 400, karibu saa saba. Ndiyo maana walimu wengi hutoa insha mara chache kwa muhula. Lakini wanafunzi haohao wakiandika katika makundi ya watu watano, unapata nyaraka 16. Ukizipa dakika kumi kila moja, umemaliza chini ya saa tatu, na umeweza kuandika maoni yenye maana.

Ikiwa kuna chumba cha kompyuta, tengeneza nyaraka zote kwa akaunti yako moja, kisha ziruhusu zihaririwe na yeyote mwenye kiungo. Wanafunzi watafungua kwa kivinjari bila kuwa na akaunti zao. Ikiwa una kishikwambi kimoja tu, makundi yapokezane: wakati kundi moja linachapa, mengine yanaandika au kusomeana. Tumia vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80. Kipindi kimoja cha dakika 40 humalizikia kwenye kuwasha mashine.

Gawa kazi ndani ya kundi ili asije akaandika mmoja na wengine wakabaki watazamaji. Mmoja achape, mmoja asome kwa sauti kilichochapwa, mmoja ashike kamusi, mmoja aangalie vituo na herufi kubwa, mmoja ahakikishe swali limejibiwa. Wiki ijayo zamu zibadilike.

Kisha makundi yasomeane. Sheria ya maoni iwe fupi na ibandikwe ukutani: taja sentensi moja uliyoipenda na useme kwa nini; uliza swali moja; onyesha kosa moja. Maoni ya “good work” yasihesabike. Waruhusu waandike maoni kwa Kiswahili mwanzoni mwa mwaka, kwani lengo ni wasome kwa makini. Kila maoni yaanze na namba ya kundi, maana waraka uliofunguliwa kwa kiungo hauonyeshi nani ni nani. Wewe mwenyewe usirekebishe kitu ndani ya maandishi yao. Tumia hali ya kupendekeza, ambayo huonyesha badiliko kwa rangi na kumwachia mwandishi uamuzi wa kulikubali au kulikataa.

Wape kitu cha kuandika

Mada za siku zote, kama siku nisiyoisahau au umuhimu wa elimu, huleta insha zilizokaririwa. Mtandao una hazina ya mambo ya kanda ya kati kwa Kiingereza, na wanafunzi wako wanayajua mambo hayo kwa upande ambao mtandao hauujui. Hapo ndipo insha yenye uhai inapopatikana.

Chukua Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mpango mkubwa wa kulima karanga, ukameza mamilioni ya pauni, na mwanzoni mwa 1951 ukafutwa. Mijadala ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango huo ipo mtandaoni katika kumbukumbu rasmi za bunge hilo, Hansard, na kusoma ni bure. Chagua kipande kifupi, rahisisha maneno magumu, kisha wape wanafunzi kazi ya kumjibu mbunge aliyesema maneno hayo kwa barua rasmi: ardhi ya Kongwa ikoje, mvua hunyesha lini, wazee wanasema nini kuhusu karanga zile. Watajifunza muundo wa barua wakiwa na jambo la kumwambia mtu. Kongwa hiyohiyo, kuanzia miaka ya 1960, ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakiwemo FRELIMO na SWAPO, na hilo nalo lina maandishi mengi ya Kiingereza ya kulinganisha na simulizi za nyumbani.

Wanafunzi wa Kondoa wana michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kazi nzuri ni maelezo ya ukurasa mmoja kwa mgeni: afikeje, aone nini, asiguse nini. Wa Kibaigwa waandike jinsi soko la mahindi linavyokwenda tangu gunia linaposhushwa. Wa Dodoma mjini wana treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Waandike maelekezo ya abiria, au barua ya malalamiko. Wa Chamwino waandike kuhusu ngoma za Kigogo, wakisikiliza kwanza kazi za marehemu Hukwe Zawose, aliyepeleka zeze na marimba za Kigogo kwenye majukwaa ya ulimwengu.

Kwa kusoma kabla ya kuandika, Wikipedia ya Kiingereza rahisi inafaa zaidi kuliko ile kubwa, kwa sababu sentensi zake ni fupi na msamiati wake umepunguzwa kwa makusudi. Mpe mwanafunzi makala kuhusu mahali anapopafahamu na umwulize maswali mawili: ni kipi kimekosewa, na ni kipi kimeachwa? Majibu yake yataonyesha kama amesoma. Swali linaloomba jambo ambalo mtandao haunalo, kama bei ya debe la alizeti kijijini kwao au maneno ya bibi yake, ndilo kinga bora dhidi ya kunakili.

Mtafutie msomaji

Mwanafunzi akijua anayesoma ni mwalimu peke yake, huandika ili apate alama. Akijua anayesoma ni kijana wa rika lake aliye mbali, huanza kujiuliza kama ataeleweka. Tafuta mwalimu mwenzako wa Kilwa, Bukoba au hata Kampala, mkubaliane kubadilishana maandishi ya madarasa yenu. Wanafunzi hawana haja ya kuwasiliana moja kwa moja. Wewe unakusanya, unampelekea mwenzako kwa barua pepe, anachapisha au anaonyesha kwa projekta, kisha anarudisha maswali ya wanafunzi wake. Kijana wa Kampala akiuliza ugali wa uwele ni nini, aya inayofuata itakuwa na maelezo ambayo usingeyapata kwa kuyaamuru. Jumuiya ya Kujifunza ya shule yenu chini ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ni mahali pazuri pa kuanzia kumtafuta mwalimu huyo.

Njia nyingine ni African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, yenye hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika pamoja na Kiingereza. Hadithi zake zinaruhusiwa kuchapishwa, kutafsiriwa na kubadilishwa bure, na unaweza kuunda yako kwa kutumia picha zilizopo. Kidato cha Pili kinaweza kuandika kitabu cha kurasa kumi kwa ajili ya watoto wa Darasa la Tatu wa shule ya msingi jirani. Sentensi moja au mbili kila ukurasa ni kipimo kizuri kwa anayeanza, na siku ya kwenda kuwasomea watoto hao hakuna atakayekuja na rasimu ya kwanza.

Mashine za kusahihisha

Zipo nyingi, na nyingine zina faida. Ziweke baada ya rasimu ya pili, zisitangulie.

Kamusi za mtandaoni za wanaojifunza Kiingereza, kama za Cambridge na Oxford, ndizo salama zaidi. Hueleza neno kwa maneno rahisi, hutoa mfano wa sentensi, na hutamka. Wafundishe kusoma mfano kabla ya maana, kwani mfano ndio unaoonyesha neno linakaaje katika sentensi.

Write & Improve ya Cambridge ni tovuti ambayo mwanafunzi anaandikia, nayo inamwonyesha sentensi zenye matatizo na kiwango chake kwa vipimo vya Ulaya vinavyoanzia A1. Uzuri wake ni kwamba haimwandikii. Inamwashiria mahali pa kurekebisha na kumwachia kazi, kisha anawasilisha tena. Kwa shule yenye chumba cha kompyuta, hii humpa mwanafunzi rasimu ya pili, ya tatu na ya nne bila kukuongezea mzigo.

Google Translate itumike kama kitu cha kukosolewa. Wape sentensi za Kiswahili kama “Mwalimu wetu aliugua. Alikwenda hospitali Mvumi.” Mwambie kila mmoja aandike tafsiri yake akijua kwamba mwalimu huyo ni mwanamke, kisha mwonyeshe ya mashine. Kiswahili hakitaji jinsia hapo, kwa hiyo mashine hubahatisha. Mwanafunzi aliyeikamata mashine ikikosea mara mbili tatu hataiamini tena kwa upofu, na njiani atakuwa amezingatia tofauti ya “he” na “she” inayomsumbua kila siku.

Kuhusu akili mnemba, ChatGPT imekuwepo tangu Novemba 2022 na wanafunzi wanaifahamu, kwa hiyo kunyamaza si sera. Itumie wewe mwalimu kwanza. Iambie ikutengenezee aya tatu za kiwango cha Kidato cha Pili kuhusu ukame, moja ikiwa na makosa ya nyakati, moja isiyo na mpangilio, moja nzuri. Hakiki zote, kisha darasa liwe hakimu. Mwanafunzi akiitumia, aiombe imwulize maswali kuhusu rasimu yake, isimwandikie upya. Programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine usizifanye ushahidi wa kumwadhibu mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu hizo huwasingizia mara nyingi waandishi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, yaani wanafunzi kama wako. Ukiwa na shaka, kaa naye, mpe kalamu, mwombe aendeleze aya ileile.

Linda watoto wako

Usichapishe hadharani jina kamili la mwanafunzi, picha yake, shule yake na kijiji chake kwa pamoja. Jina la kwanza au la kubuni linatosha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na watoto wamo ndani yake. Kabla ya kuchapisha kazi za wanafunzi popote, pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi na kibali cha mkuu wa shule. Aliye chini ya miaka 13 hatakiwi kuwa na akaunti ya kawaida ya Google bila usimamizi wa mzazi, na baadhi ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wako hapo mpakani. Ndiyo maana njia ya akaunti moja ya mwalimu ni bora.

Kuna pia ulinzi wa heshima. Insha hutoa siri za nyumbani: njaa, ugomvi, ndoa ya dada aliyeachishwa shule. Aya ya namna hiyo haionyeshwi kwa projekta. Husomwa na mwalimu, na ikibidi hupelekwa kwa mwalimu wa ushauri na unasihi.

Rudi kwenye mtihani

Mzazi na mkuu wa shule watauliza kama haya yanaleta ufaulu, na ni haki yao. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina silaha ambayo walimu wengi hawaitumii: ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazotolewa kwa kila somo pamoja na picha za majibu halisi, mazuri na mabovu, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Pakua ya Kiingereza ya Kidato cha Pili au cha Nne, onyesha jibu bovu la barua, na uwaache watoe alama kabla ya kuwaonyesha alichosema mtahini. Kwa vitabu vya kiada, maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania inatosha.

Na kila kazi iliyopitia kwenye kioo iishie kwenye karatasi. Baada ya rasimu ya mwisho, mpe mwanafunzi mada inayofanana aiandike kwa kalamu katika muda wa mtihani, bila kamusi na bila kundi. Linganisha na rasimu yake ya kwanza ya mwezi huo. Ikiwa makosa mawili mliyoyashughulikia yamepungua na aya imerefuka, endelea. Ikiwa hakuna badiliko, basi kifaa kilikuwa pambo, badilisha kazi.

Mwezi wa kwanza

Wiki ya kwanza, pakua Kiwix na ripoti ya Baraza, na ufanye aya moja mbele ya darasa. Wiki ya pili, rudia kwa aya nyingine na ubandike sheria ya maoni ukutani. Wiki ya tatu, unda makundi, toa mada moja ya mahali mnapoishi, na rasimu ya kwanza iandikwe kwa kalamu. Wiki ya nne, makundi yachape, yasomeane na yaandike upya, kisha mtihani mfupi wa karatasi. Mambo ya kubadilishana maandishi na shule nyingine, African Storybook na mashine za kusahihisha yasubiri mwezi wa pili.

Mkaguzi akija, atauliza shule ina vifaa vingapi. Mwonyeshe insha moja yenye matoleo manne ya mwanafunzi mmoja, tangu la kwanza hadi la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linaloonyesha kama kuandika kunafundishwa. Na kama bado hujaanza, usisubiri mradi wala semina. Chagua aya moja katika madaftari yaliyo mezani kwako sasa hivi, omba ruhusa ya mwenyewe, na ipeleke darasani kesho.